Kitanda cha Mhariri Mpya

Siku ile Hewala hakwenda dukani kumwibia mtu. Hilo lisemwe mapema, maana siku za namna hiyo katika maisha yake zilikuwa chache, na ni haki zitajwe. Alikwenda kwa muuza misumari kuomba msumari mmoja wa kutundikia shati. Shati lenyewe lilikuwa moja pia, kwa hiyo hakuwa na tamaa.

Jina la Hewala alipewa na watu kwa sababu hakuna neno aliloambiwa akalikataa. Unajua kutengeneza redio? Hewala. Una kiwanja cha kuuza? Hewala, tena kina kivuli. Wewe ndiye daktari wa meno? Hewala, fungua mdomo. Kwa hewala hizo alikula, akavaa, akaoa, na kwa hewala hizo hizo mkewe alikunja nguo zake miezi mitatu iliyopita, akarudi kwa mama yake.

Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alituma salamu kwa mdomo wa jirani: "Mwambieni Hewala, mwanangu halali tena sakafuni kama mkeka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja mwenyewe. Nikiona kitanda, kabati na ofisi yenye meza, mkewe atarudi. Nisipoona, nitamtafutia mwanangu mtu mwenye godoro."

Na Hewala alimpenda mkewe. Alikuwa amedanganya juu ya umri wake, kazi yake, hata juu ya urefu wake, lakini hilo hakuwahi kulidanganya. Kila akipita kwenye duka la vitanda aligeuza uso.

Sasa, pale kwa muuza misumari, mbele yake alisimama seremala mmoja mnene, penseli sikioni, akifungiwa skrubu kwenye karatasi kuukuu. Seremala akaitazama ile karatasi. Akazimwaga skrubu mezani, akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja kama mtu anayempapasa paka.

"Kibatari!" akasema. "Mnafungia skrubu jarida la Kibatari!"

"Karatasi ni karatasi," alisema muuza misumari. "Tena hiyo ni nzito, haitoboki."

"Kibatari ndiyo nini, mzee wangu?" Hewala akauliza, kwa upole wa mtu asiyetaka kitu.

"Jarida la hadithi na mashairi. Nchi nzima ilikuwa ikilisoma. Mhariri wake akafa, nalo likalala, mwaka wa kumi na moja huu." Seremala akapangusa jicho kwa mkono wenye vumbi la mbao, likazidi kutoa machozi. "Mimi walinirudishia hadithi yangu mara nne."

"Kwa nini?"

"Wale walikuwa na utaratibu wao. Kila kazi inasomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji watatu, watu wa kawaida tu. Mmoja akipiga mwayo, kazi inarudi na kikaratasi. Changu kilisema: Msikilizaji amepiga mwayo ukurasa wa pili. Mara ya nne kikasema: ukurasa wa kwanza. Yaani nilikuwa nikiirekebisha inarudi nyuma!"

"Pole sana. Na leo mtu akikuambia itachapwa, ungempa nini?"

"Mimi? Ningempa kitanda. Futi sita, mbao ngumu, na kabati lake la milango miwili. Ningembebea mpaka mlangoni."

Hewala akausahau msumari.

Ofisi ya Kibatari ilikuwa juu ya duka lile lile, ngazi kumi na nne za mbao. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na meza mbili, kabati la chuma, taipureta iliyofunikwa kitambaa cheupe, na bibi mmoja mwembamba akifuta vumbi ambalo halikuwepo. Ndiye mjane wa mhariri. Mtaani walimwita Bi Taipu, kwa kuwa kila neno la jarida lile lilipita vidoleni mwake, na miaka yote hiyo kumi na moja alikuwa akifungua mlango saa mbili asubuhi na kuufunga saa kumi, kama aliyeambiwa mtu anakuja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umeleta kazi, au umefuata iliyorudi?"

"Nimetumwa na wizara," akasema Hewala, kifua mbele.

"Wizara gani?"

"Ile yenyewe."

"Ahaa." Bi Taipu akaendelea kufuta. "Wamechelewa kidogo."

"Wameamua jarida lifufuliwe. Mimi ndiye mhariri mpya. Ninachohitaji ni chumba hiki, meza moja, na baraka zako."

Bibi akaacha kufuta. Akamtazama kutoka kola ya shati mpaka viatu, ambavyo havikuwa vya mama mmoja. Akamtazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu anayesoma ukurasa wenye makosa mengi lakini anataka kujua unaishaje.

"Utaratibu unaujua?"

"Wa miayo? Hewala."

"Wasikilizaji watatu. Wasiwe waandishi, wasiwe jamaa wa mwandishi. Marehemu alikuwa akisema, msomaji akiwa kwake anapiga miayo peke yake na mwandishi hajui. Bora ajue mapema."

"Maneno mazito hayo. Na mimi ninaongeza moja dogo tu, bibi. Kila mwandishi aje na kitu cha mkono wake. Dhamana."

"Dhamana ya nini?"

"Ya... uzito wa neno."

"Haya. Lakini neno likirudi, na kitu kinarudi."

"Hewala," akasema Hewala, maana hakuwa na neno jingine mdomoni, na hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe akaikaza.

Tangazo likaandikwa na mchora mabango, ambaye kazi hiyo ndiyo ilikuwa dhamana yake, akalitundika juu ya mlango wa duka: *Jarida la Kibatari limeamka. Lililala, halikufa. Waandishi wote, waliochapwa na waliorudishiwa, leteni hadithi, mashairi na barua. Kila kazi itasomwa mpaka mwisho au mpaka mwayo. Njooni na kitu cha mikono yenu.* Chini yake, kwa herufi ndogo, bila kuombwa na mtu, akaongeza shairi lake mwenyewe la beti kumi na mbili.

Mtu akisema siku hizi watu hawaandiki, basi hajawahi kutundika tangazo. Kumbe mji mzima ulikuwa na kitu chini ya godoro! Fundi cherehani alileta utenzi wa kuisifu cherehani yake, na suti ya kijivu. Mwalimu mkuu mstaafu alileta kumbukumbu za maisha yake, kurasa mia tatu, themanini kati ya hizo zikihusu ufunguo wa stoo uliopotea, na saa ya ukutani aliyoitengeneza mwenyewe, ambayo siku nyingine ilikuwa sahihi. Muuza dawa alileta mashairi ya mapenzi yenye maelekezo ya kutumia kabla ya kula. Hata muuza misumari alipanda ngazi jioni moja, akitazama nyuma, akaacha bahasha na kilo mbili za misumari. Sisi watu wa kalamu ndivyo tulivyo: tunamcheka mwenzetu mchana, jioni tunamfuata kwa mlango wa nyuma.

Na seremala akaleta hadithi yake, na kitanda, na kabati. Ilibidi vikae ukumbini juu ya ngazi, kila mtu akipita kwa ubavu.

Hewala alivitazama vile vitu, moyo ukamcheza. Mpango wake ulikuwa rahisi. Jumamosi mama mkwe, aliyekwisha kutumiwa habari, aje ofisini, aone kitanda, aone kabati, aone meza, amkabidhi mkewe. Saa ile ile vitu vipakiwe kwenye mkokoteni, mume na mke wapande basi, waende mji ambao hawajawahi kusikia habari za Kibatari. Bahasha zibaki kwa bibi, azifute vumbi.

Lakini kulikuwa na utaratibu.

Wasikilizaji walikuwa hawa: dobi wa upande wa pili wa barabara, aliyekuwa mwanamke wa mikono mikubwa asiyependa kudanganywa, mchukuzi wa mizigo mwenye mkokoteni, na mlinzi wa ghala la jirani, ambaye alitoka zamu ya usiku asubuhi ile ile, macho mekundu kama pilipili.

"Huyu mlinzi wa nini, bibi?" Hewala alinong'ona. "Huyu kashasinzia."

"Marehemu hakusoma kazi bila mlinzi. Alisema anayemweka macho mtu aliyetoka zamu, huyo ameandika."

Hewala, ambaye alikuwa ameshaivaa suti ya kijivu, akasimama, akakohoa, akaanza utenzi wa fundi cherehani. *Ewe cherehani, mwana wa chuma, sindano yako yanichoma...* Mstari wa pili haujaisha, mlinzi akafungua mdomo, na kwa jinsi alivyoufungua ungeweza kupitisha hiyo cherehani.

"Imerudi," akasema Bi Taipu, akaandika kikaratasi. "Na kitu chake."

"Lakini nimekivaa, bibi."

"Nakiona."

Mhariri mpya wa Kibatari akaenda nyuma ya kabati la chuma, akavua koti, akavua suruali, akarudi na shati lake lile moja na bukta, akiwa ameshikilia heshima yake yote mikononi, nayo haikuwa nyingi. Dobi akamwambia, "Usijali, mwanangu. Mimi nafua nguo za watu, magoti hayanishangazi."

Siku hiyo Hewala akaelewa kwamba akiyasoma yaliyoandikwa, hatapata hata kifungo.

Kwa hiyo kesho yake akashika kurasa za mwalimu mkuu, akazitumbulia macho kama anasoma, na akasema yake. Akasema ufunguo ule haukupotea, uliibwa. Akasema aliyeuiba alikuwa mpishi wa shule, na stoo haikuwa na mahindi, ilikuwa na siri. Akapandisha sauti, akaishusha, akaongea kizee, akaongea kitoto. Maana ulaghai ni nini, kama si kumshika mtu macho asitazame pengine? Mlinzi alisogea mbele ya kiti. Dobi akapiga paja: "Usiache hapo, we kijana, usiache hapo!" Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoa leso akajifuta uso. "Sikumbuki vizuri," alimwambia mchukuzi, "lakini nadhani ndivyo ilivyokuwa."

Nyuma yao taipureta ya Bi Taipu ilikuwa ikilia, taka taka taka. Hewala alidhani anaandika vikaratasi vya kurudisha.

Wiki mbili zikapita hivyo. Watu wakaanza kusimama kwenye ngazi. Muuza misumari akafunga duka saa tatu mpaka saa nne asubuhi, akisema anahesabu mali. Na Hewala akakonda, maana kazi halali inachosha mtu asiyeizoea. Kila siku alikuwa akijiambia, kitanda, kitanda, kitanda. Hadithi ya seremala Bi Taipu aliiweka ya mwisho. "Kwa zamu," alisema. Na zamu yake ikaangukia Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Hewala alimkodi mchukuzi asubiri chini na mkokoteni. Hilo ndilo lilikuwa kosa, maana saa tatu ilipofika, wasikilizaji walikuwa wawili.

"Mchukuzi yuko wapi?" akauliza Bi Taipu.

"Ana kazi," Hewala akasema, jasho likimtoka. "Tusome na wawili."

"Watatu."

Ngazi zikalia. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mkwe, mtandio begani, mkoba mkononi, mwenye macho ya mtu wa kukagua. Nyuma yake mkewe Hewala, ametazama chini. Hewala alipomwona alisahau alikuwa amepanga kusema nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kitanda nimekiona, kimenigonga goti. Kabati nimeliona. Meza ile pale. Ni vyako?"

Bi Taipu akajibu kabla Hewala hajafungua mdomo. "Bado kidogo, mama. Karibu kiti. Hadithi ikisomwa watu watatu wasipige mwayo, naipiga muhuri, na vitu vinakuwa vyake. Mmoja akipiga, vinarudi kwa huyu seremala. Tumepungukiwa msikilizaji mmoja. Wewe si jamaa wa seremala?"

Mama mkwe akamtazama seremala, aliyekuwa ukutani akitetemeka kama bwana harusi. "Mimi? Namjulia wapi?"

"Basi kaa."

Akakaa kati ya dobi na mlinzi, mkoba mapajani. Mtu angeona wazi kwamba tayari anapima kitanda kwa akili.

Hewala akafungua hadithi ya seremala. Ilikuwa inaitwa *Kiti*, na ilianza kwa kueleza aina tisa za gundi. Akafumba macho, akafumbua. Alitaka aseme mambo ya majambazi na moto, lakini mkewe alikuwa amesimama pale mlangoni, na kila alichotaka kukidanganya kikamtoroka.

"Palikuwa na seremala," akaanza, polepole, "ambaye mkewe aliondoka kwa sababu nyumba haikuwa na kiti. Seremala akasema, nitatengeneza kimoja, atarudi akae. Akatengeneza. Kikawa kinayumba. Basi akakwangua mguu mmoja. Kikayumba upande wa pili. Akakwangua wa pili. Kila jioni anakwangua, kila asubuhi anajaribu, na kila mpita njia akimwuliza, fundi, kiti kimekwisha? anajibu, kimekwisha kabisa, bado kukikalia tu. Akakwangua miezi mitatu. Kiti kikawa kigoda. Kigoda kikawa ubao. Na bado akawaambia watu, kiti changu hicho, kirefu kuliko vyote mjini..."

Dobi akacheka. Mkewe Hewala alikuwa ameinua uso.

"Jioni moja ameketi juu ya ule ubao, chini kabisa, magoti yamefika masikioni, maranda yamemjaa mpaka kwenye nywele. Akasikia mtu mlangoni anapiga hodi."

Hapo akakwama. Hakujua ni nani. Wiki mbili maneno yalikuwa yakija yenyewe kama nzi, sasa halikuja hata moja. Na papo hapo taya la mlinzi likaanza kushuka, pole pole, kama lango la ghala.

Mama mkwe hakugeuka hata kichwa. Alishika ncha ya mtandio, akaukunja mara mbili, akaushindilia mdomoni mwa mlinzi mpaka pingili ya pili ya kidole.

"Mmmf!" akasema mlinzi.

"Nini hiyo?" akauliza Bi Taipu.

"Anasikitika," akasema mama mkwe. "Hadithi imemgusa. Piga muhuri, dada yangu."

Bi Taipu akamtazama mlinzi, akamtazama mama mkwe, akafikiri. Kisha akapiga muhuri, meza ikaruka.

"Ndiyo maneno yangu hayo!" akapiga kelele seremala, machozi yakimtiririka, na hakuna hata neno moja aliloliandika. "Neno kwa neno! Nilijua nilikuwa naandika vizuri!"

Hewala akashusha pumzi. Akamsogelea mama mkwe, kichwa chini kwa adabu. "Mama, kama ulivyoona. Kitanda, kabati, ofisi. Basi mimi na mwenzangu..."

"Subiri kwanza," akasema mama mkwe. Alisimama, akaenda dirishani, akaita: "We mwenye mkokoteni! Wewe ndiye wa huyu?"

"Ndiyo, mama! Nimekodiwa siku nzima!"

"Panda ubebe kitanda. Na kabati. Tunakwenda kwangu."

"Kwako, mama?" Hewala akasema.

"Kwani kitanda si chako? Chako si cha mkeo? Na mkeo anakaa wapi? Kwangu. Sasa unataka kitanda cha mwanangu kilale ngazini?" Akafunga mkoba wake, tap. "Kitanda nimekiona, baba. Ofisi nimeiona. Mume ndiye sijamwona bado, nimemsikia tu. Toleo la pili likitoka, nitakuja kumtazama."

Na hivyo ndivyo karibu mali yote ya wiki mbili za udanganyifu ilivyoshuka ngazi kumi na nne, mchukuzi mbele, seremala nyuma akishikilia mguu wa kitanda kwa furaha, na mama mkwe akisimamia: "Pole pole, msikwaruze!" Hewala alikuwa amewahi kuwaibia watu kwa maneno. Hakuwahi kuona mtu anaiba huku akiagiza msaada.

Mkewe alibaki nyuma kidogo. Akashika fremu ya mlango.

"Aliyepiga hodi ni nani?"

"Sijui," akasema Hewala. Lilikuwa jibu lake la kwanza la namna hiyo tangu wafahamiane, na mkewe akalisikia.

"Nitakuja Jumatatu saa tatu, kusikiliza. Kusikiliza tu, usijitie mengine." Akashuka. Kwenye ngazi ya tano akacheka peke yake, na Hewala akakisikia kicheko kile mpaka barabarani.

Kikabaki chumba, kilo mbili za misumari na saa iliyosema saa sita na robo wakati ilikuwa saa nne. Bi Taipu akamsukumia Hewala rundo la karatasi zilizochapwa safi. Hewala akasoma juu juu: ufunguo, mpishi, siri ya stoo. Maneno yake yote, kila uongo wake, umewekwa nukta na mkato. Juu ya kila hadithi jina la mwenye bahasha, na chini: *imesimuliwa upya na mhariri.*

"Mchapaji anazichukua kesho kutwa," alisema bibi. "Kasoro mwisho wa *Kiti*."

"Bibi." Hewala akakaa. "Mimi sikutumwa na wizara."

"Najua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ngazini. Mtu wa wizara hapandi kwa miguu."

"Mimi ni tapeli, bibi. Nilikuja kuchukua kitanda."

"Sasa hilo ndilo la ajabu?" Bi Taipu akaondoa karatasi kwenye taipureta, akaweka nyingine nyeupe, akaigeuza mashine ikamtazama Hewala. "Marehemu yeye alikuja kuiba hii. Alikuwa ameshaikumbatia kifuani, nikamwambia subiri kwanza nimalize ukurasa. Akakaa kusubiri, akauliza hadithi inahusu nini." Akachukua kitambaa chake, akaanza kufuta kabati la chuma. "Akakaa miaka thelathini na moja. Haya, nani amepiga hodi?"